Nataka Kumwita Mwanangu Tabu, Mama Mkwe Hataki Hata Kulisikia Jina Hilo

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Temeke, Dar es Salaam, na ninafanya kazi katika duka la dawa. Nimeolewa, nina mimba ya miezi minane ambayo ni ya kwanza, na kipimo cha utrasaundi kimeonyesha kwamba mtoto ni wa kike. Ninakuandikia kwa sababu ya jina ninalotaka kumpa.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na umri wa miaka minne, na baba akaenda kuoa kwingine. Aliyenilea ni bibi mzaa mama, kijijini kwetu wilaya ya Handeni. Bibi aliitwa Tabu, kwa kuwa alizaliwa mwaka wa njaa, wakati watu wa kwao walipokuwa wakichimba mizizi porini ili wapate cha kuweka chunguni. Hakupata kusoma, lakini madaftari yangu aliyajalidi mwenyewe kwa karatasi za mifuko ya saruji alizokuwa akiziomba kwa mafundi. Alizikung'uta vumbi, akazilaza chini ya godoro lake hadi asubuhi ili zinyooke, ndipo akazikata kwa wembe. Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni aliuza mbuzi wake wote, na tulipokuwa tukiagana stendi alifungua pindo la kanga akanipa hata fedha iliyobaki ya kununulia chumvi. Sina kitu maishani mwangu ambacho hakikupitia mikononi mwake.

Bibi alifariki mwaka huu, mimba yangu ikiwa bado changa. Nilipompigia simu kumpa habari za ujauzito alicheka sana, akasema, "Basi mwenzangu anakuja." Maneno hayo niliyachukua kuwa ni wasia, na tangu siku tulipomzika nimejiapiza kwamba nikipata mtoto wa kike ataitwa Tabu.

Mume wangu nilipomweleza mwanzoni alikubali, tena alisema ni jambo la heshima. Habari zilipomfikia mama yake mambo yakageuka. Mama mkwe anasema jina ni dua, na kwamba kumwita mtoto Tabu ni kumwombea tabu kila anapoitwa kula na kila anapoitwa kuoga. Hutoa mfano wa binti yake wa kwanza, ambaye alimwita Mateso kwa sababu ya uchungu wa muda mrefu. Binti huyo aliolewa akaachika, akaugua, akafariki akiwa bado kijana. Kila nikitaja jina la bibi yangu naletewa habari za huyo wifi ambaye sikuwahi hata kumwona. Mimi naona huo ni ushirikina uliovikwa dini. Wifi zangu waliopo nao wameanza kutuma majina kwenye kundi la familia la WhatsApp, majina mazuri ya Kiarabu ambayo mimi hayanihusu kwa lolote, na mmoja aliandika kwamba "hatutaki majina ya shamba."

Kilichoniumiza zaidi ni mume wangu. Sasa hivi akiulizwa husema, "Ngoja kwanza azaliwe," na juzi aliniambia kwamba mambo hayo tuyamalize sisi wanawake. Mama mkwe anataka jina litangazwe siku ya akika, tutakapochinja kwa ajili ya mtoto, na lisiwe Tabu. Nimefikia kuwaza kwamba nikijifungua, muuguzi akiniuliza jina la mtoto, nitamtajia Tabu liandikwe kwenye tangazo la kizazi, na wao watakapokuja kuona litakuwa limeshaandikwa. Mama yangu, ambaye bibi mwenyewe alimpa jina la Salama, hayupo wa kunishauri. Naomba uniambie: je, ninakosea kung'ang'ania jina la mtu aliyenifanya niwe mtu?

Mjukuu wa Tabu,
Temeke

MAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu barua yako imejaa habari za jina, na katikati yake kuna mwanamke aliyefiwa na mlezi wake akiwa na mimba, ambaye sijui kama amepewa nafasi ya kulia mpaka akatosheka. Mjamzito kwetu huambiwa asilie sana, asikae sana msibani, asije akamdhuru mtoto. Basi huzuni hutafuta mlango mwingine wa kutokea. Sisemi kwamba hamu yako ya jina hili ni huzuni tupu. Nasema tu kwamba mambo haya mawili yamekukuta kwa pamoja, na anayekupinga kuhusu jina huenda masikioni mwako anasikika kama mtu anayekuzuia usimlilie bibi yako.

Nikikuelewa vyema, unataka jina la aliyekulea liendelee kuitwa ndani ya nyumba yako. Mama mkwe analiogopa. Mawifi wanaliona la kizamani. Na baba wa mtoto, ambaye alikuwa upande wako, amekaa pembeni. Unaniuliza kama unakosea. Kumkumbuka bibi wa namna ile hakuna mtu atakayekuita mkosaji, lakini barua yako ina mambo kadhaa ambayo ningependa tuyatazame tena kabla hujaamua.

La kwanza ni huo wasia. Bibi yako alisema, "Basi mwenzangu anakuja." Ni maneno matamu, na yawezekana alimaanisha hivyo ulivyoelewa. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kwamba mtoto ni wa kike, na mabibi wengi husema maneno kama hayo kwa mjukuu yeyote anayebeba mimba, kwa kuwa wajukuu na vitukuu ndio watani wao na ndio wenzao. Tena umeniandikia jambo moja kwa kulipitia tu: kwamba yeye mwenyewe alipopata binti alimwita Salama. Mwanamke aliyepewa jina la mwaka wa njaa, zamu yake ya kutoa jina ilipofika, alichagua hilo. Sitakufasiria, kwa kuwa sikumjua. Huenda alitaka jina lake likome kwake, na huenda hakulifikiria hata kidogo. Wapo watu waliomjua, ndugu zake na majirani wa rika lake, ambao unaweza kuwauliza alilichukuliaje jina lake. Waulize pia kama alikuwa na jina jingine. Wazee wetu wengi wa pwani na wa vijiji vya bara yake walikuwa na jina la utotoni lililotokana na tukio, kisha wakapewa jingine katika chuo cha Kurani au ukubwani, na mara nyingi wajukuu hawakulijua kwa sababu lilikwisha kumezwa na lile lililozoeleka. Ukigundua kwamba Bibi Tabu alikuwa pia Mwanahamisi au Zaina, utakuwa na chaguo ambalo leo hulioni.

La pili ni mama mkwe wako. Unaita ushirikina uliovikwa dini, nami naomba utumie neno jepesi zaidi, kwanza kwa sababu dai lake lina msingi katika dini yenu. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alimbadilisha jina binti wa Umar, aliyekuwa akiitwa Asiya kwa maana ya mwasi, akamwita Jamila. Imepokewa pia habari ya mtu aliyeitwa Hazn, jina lenye maana ya ugumu, ambaye Mtume alimwambia, "Wewe ni Sahl," yaani mwepesi. Yule mtu alijibu kwamba hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Mjukuu wake, Said bin Musayyab, ambaye ni miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa Madina, alikuja kusema kwamba ugumu ule haukuondoka katika ukoo wao. Ukimsikiliza mama mkwe wako, hii ndiyo hadithi anayoisimulia kwa maneno yake.

Lakini hata katika habari hiyo yule mzee hakulazimishwa. Alipendekezewa, akakataa, akaondoka na jina lake. Na imepokewa vilevile kwamba Mtume, alipozaliwa mwanawe wa kiume, alisema kwamba amemwita kwa jina la baba yake, Ibrahim. Kumpa mtoto jina la mzee wake si desturi ya shamba, kama alivyoandika wifi yako. Kwa hiyo dini yenyewe inakupa wewe kitu na inampa yeye kitu. Kama mna shekhe mnayemwamini, aulizwe mkiwa wote mpo, kwa maana kila upande ukienda kivyake utarudi na jibu uliloliendea.

Sababu ya pili ya kulegeza neno lako ni Mateso. Umeniandikia habari zake kwa sentensi chache, tena kwa uchovu, kama habari uliyoisikia mara nyingi. Mimi niliposoma hapo nilisimama. Huyu ni mama aliyetoka katika uchungu mrefu, akamwita mwanawe kwa maumivu aliyokuwa nayo saa ile, halafu akamwona mwanawe huyo akiachika, akiugua, na kuzikwa. Je, si yawezekana kwamba kwa miaka yote hii anaamini kuwa yeye ndiye aliyemtakia binti yake yale yaliyompata? Anapolisikia jina Tabu likitajwa kwa mjukuu wake, bibi yako hata hayumo mawazoni mwake. Sina hakika kama ndivyo. Umjuaye ni wewe. Ila kama ndivyo, hoja zako zote kuhusu wema wa bibi yako hazitamfikia, kwa sababu hazijibu hofu yake.

Ungeweza kumwambia, na ni kweli, kwamba wapo watu wengi wenye majina mazito walioishi vizuri. Tabu Ley wa Kongo alijaza kumbi kwa jina hilo hilo, lolote lile lililomaanisha kwao. Lakini mfano kama huo unakata pande zote mbili. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina hilo halikumzuia kuwa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na hata hivyo tunamjua kwa jina la Siti, lenye heshima, alilopewa baadaye. Wewe utasema jina halikumfunga. Mama mkwe atasema walimwondolea. Mabishano ya namna hiyo sijaona yakiisha.

Sasa tumtazame mtoto mwenyewe, ambaye katika barua yako ametajwa kidogo kuliko wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalihesabu jina kuwa ni haki ya mtoto, na mimi napenda mtazamo huo, kwa kuwa sisi wazazi huwa tunalichukulia kama zawadi yetu kwa watu wetu. Kule Handeni jina Tabu halimshangazi mtu. Pengine katika mtaa mmoja wapo watatu, bibi, shangazi na binti wa dukani. Temeke, katika darasa lenye watoto sabini wenye majina ya Nasra na Hanan, mwalimu akiita "Tabu" kutakuwa na wa kuuliza ana tabu gani leo. Watoto wengine hulimaliza jambo hilo kwa kicheko. Wengine hurudi nyumbani wakilia na kuomba wabadilishiwe jina. Huwezi kujua wako atakuwa yupi. Unachoweza kujua ni kama utakuwa na subira ya kumsimulia habari za mifuko ya saruji kila atakapoulizwa, na kama watu wa nyumbani kwa baba yake watamwita jina hilo kwa mapenzi au watamtafutia jingine la kumwita mbele yako. Mtoto mwenye jina ambalo nusu ya ukoo hawalitamki hulihisi mapema sana kuliko tunavyodhani.

Umenitajia njia ya kumwambia muuguzi jina mapema. Naielewa hasira iliyoizaa, maana ukiachwa peke yako unaamua peke yako. Lakini fikiria siku inayofuata. Mume wako atalisoma jina la mwanawe kwenye karatasi, na jina la mtu uliyempenda kuliko wote litakuwa limeingia katika nyumba yake kwa mlango wa uani. Ugomvi utakaozuka hautakuwa tena wa jina. Nawe utakuwa na kidonda kibichi, na maziwa yanakuja, na wanaokuogesha na kukupikia uji huenda ni hao hao. Halafu, kwa kutazama karatasi peke yake, haraka hiyo haina ulazima. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, huombwa kwa kutumia tangazo la kizazi, na muda wa kusajili uzazi bila kuhesabiwa umechelewa ni siku 90. Mnao muda wa kukaa mkazungumza. Kinachosumbua ni kurekebisha baada ya kuandika: jina linaweza kubadilishwa kwa hati ya kisheria, lakini kila kitu kilichokwisha kuandikwa, kuanzia kadi ya kliniki, itabidi kifuatwe kimoja kimoja.

Kuna watakaokupa ushauri mwepesi wa kuunganisha majina mawili. Unawezekana, ila utazame namna majina yetu yanavyoandikwa nchini: la mtoto, la baba, la babu. Ukimwandika Hanan Tabu, kisha la baba yake, shule itakuja kudhani Tabu ni baba, cheti cha mtihani kitatofautiana na cha kuzaliwa, na siku atakapokwenda kuomba kitambulisho cha NIDA au pasipoti ataanza safari ya viapo. Waliopita njia hiyo wanaijua. Wengine huamua jina moja liwe la vyeti na jingine liwe la nyumbani, na hilo nalo si geni kwetu. Wapo watu wazima ambao jina lao la shule hulikuti mtaani kwao hata ukiuliza nyumba kumi. Kwa njia hiyo ungeweza kumwita Tabu kila siku ya maisha yake bila kuliandika popote. Wasiwasi wangu ni kama wewe utaridhika, au utahisi kwamba bibi yako amefichwa jikoni wakati wageni wako sebuleni. Jiulize pia upande wa pili: likiandikwa Tabu kwenye cheti, na nyumba nzima ikamwita jina jingine, utakuwa umepata nini?

Kuna uwezekano mwingine ambao naona haya kidogo kuutaja, usije ukadhani nimechagua upande. Jina la mama yako lipo. Lilitoka kinywani mwa bibi yako mwenyewe, na mama mkwe, kwa jinsi unavyomweleza, hana la kulikataa. Lakini najua si kitu kimoja. Mama yako hukumjua kwa mikono kama ulivyomjua bibi, na huenda ukaona kwamba unashawishiwa kuchukua kilichokubalika badala ya unachokitaka. Liweke tu mezani pamoja na mengine.

Naomba sasa niseme habari za mume wako, maana naona ndiye aliyepotea katika jambo hili. "Mmalize nyinyi wanawake" ni kauli ya mtu aliyebanwa kati ya mama na mke, na nadhani anaogopa kwamba neno lolote atakalosema litamfanya msaliti wa mmoja wenu. Lakini katika desturi yenu baba ana sauti kubwa katika jina la mtoto, na akinyamaza, sauti hiyo inachukuliwa na mama yake kwa niaba yake. Usimwulize tena kama yuko upande wako. Mwulize yeye mwenyewe analipenda jina hili au halipendi, na dada yake Mateso alimfahamu vipi. Huenda alikuwa mdogo alipofariki. Huenda alimbeba mgongoni. Mtu anaweza kukubali jina kwa heshima ya mkewe, kisha akagundua usiku kwamba naye analiogopa.

Kama ingekuwa ni mimi, na nasema hivi nikijua kwamba siye mimi nitakayeishi na watu hao, ningekwenda kwa mama mkwe siku ambayo hakuna wifi wala simu, na nisingelitaja jina la mtoto kabisa. Ningemwomba anisimulie habari za Mateso: alikuwa mtoto wa namna gani, alipenda kula nini, alipougua aliuguzwa na nani. Huenda utasikia jambo litakalokufanya ulegeze. Huenda naye, akishasikilizwa, akakuuliza habari za bibi yako, na kwa mara ya kwanza akasikia kwamba mwenye jina hilo hakuwa mtu wa balaa, bali mwanamke aliyeuza mbuzi wake akasomesha. Inawezekana pia asibadilike hata chembe. Lakini mtakuwa mmezungumza habari za marehemu wenu wawili, na hilo kundi la WhatsApp haliwezi kulifanya.

Kuhusu akika, siku ya saba ni sunna nzuri, lakini msiiruhusu ikawa siku ya kushindana mbele ya wageni. Kama mtakuwa bado hamjakubaliana, mwaweza kutafuta ushauri wa shekhe juu ya kuiahirisha au kuchinja huku jina likisubiri, na wageni waambiwe tu kwamba wazazi bado wanatafakari. Na kwa kuwa utrasaundi nayo hukosea mara mojamoja, tayarisheni na jina la kiume.